Maji Safi Kupita Kiasi: Historia Fupi ya Mashine ya RO na Samaki wa Ziwa Tanganyika

Leo naanza na simu. Kijana mmoja wa hapa Munanila alinipigia asubuhi mapema, kabla hata sijatoka kwenda kwenye mabwawa. "Shikamoo bwana samaki. Samaki wangu wanakufa na maji yangu ni safi kuliko ya kunywa." Nikamwambia anisubiri.

Nilipofika nilikuta tangi la kioo la lita 60 sebuleni. Ndani yake walikuwa samaki wa mapambo kutoka Kigoma, wale wanaokaa kwenye mawe ya ziwa. Alinunua sita, wamebaki wawili, nao wanahema juu juu. Ukutani kulikuwa na mashine ya kuchuja maji yenye vikombe vitatu vyeupe na mrija wenye utando ndani yake, aina inayojulikana kama mashine ya RO. Muuzaji alimwambia kwamba maji yakiwa safi zaidi, samaki ataishi zaidi. Kijana aliuza mbuzi akainunua.

Nilitumbukiza karatasi ya kupimia. Maji hayakuwa na chumvichumvi yoyote ya kuonekana, na pH ilikuwa chini ya 6. Hapo nilielewa kilichotokea. Lakini kumwambia tu "zima mashine" kusingemsaidia, maana angebaki anaamini amedhulumiwa na samaki. Nikaketi nikamweleza mashine hii ilizaliwa wapi, ilizaliwa kwa ajili ya nani, na samaki wake walizaliwa katika maji gani. Nayaandika hapa kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza.

Kibofu cha nguruwe, 1748

Mambo yanaanzia Ufaransa. Mwaka 1748 mtu mmoja wa kanisa, mpenda sayansi, Jean-Antoine Nollet, alijaza pombe kali katika chombo, akakifunga mdomo kwa kibofu cha nguruwe, kisha akakizamisha katika maji. Kibofu kilivimba. Maji ya nje yalikuwa yanapenya kuingia ndani, wakati kilichokuwa ndani hakikutoka kwa kasi hiyo hiyo.

Jambo hilo baadaye liliitwa osmosisi. Kanuni yake ni nyepesi: ukitenganisha maji mawili kwa utando mwembamba unaopitisha maji lakini unazuia chumvi, maji yatahama kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Mama anayenyunyizia chumvi kwenye bilinganya ili zitoe maji anatumia kanuni hiyo hiyo.

Wataalamu waliofuata walipima nguvu ya msukumo huo. Mjerumani Wilhelm Pfeffer alichapisha vipimo vyake mwaka 1877. Mholanzi Jacobus van 't Hoff akatumia vipimo vya namna hiyo kutengeneza hesabu zake, na mwaka 1901 akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mfugaji, shika jambo hili moja kabla hatujaendelea: samaki naye ni kama kile kibofu. Damu yake ina chumvi kuliko maji baridi anamoishi, na mashavu yake ni utando. Kwa hiyo saa zote maji yanapenya kuingia mwilini mwake, na chumvi zake zinavuja kutoka. Samaki wa maji baridi huishi kwa kukojoa sana na kuzivuta chumvi azirudishe mwilini kupitia mashavu. Ukimweka kwenye maji yasiyo na chumvi kabisa, kazi hiyo inakuwa nzito mara nyingi zaidi, na hakuna cha kuvuta.

Kugeuza osmosisi, 1959

Sasa twende kwenye mashine. Kama maji yanakwenda yenyewe kwenye upande wa chumvi, je, ukiusukuma upande huo kwa nguvu kubwa, maji hayatarudi nyuma na kuacha chumvi? Yatarudi. Kinyume hicho ndicho RO. Shida ilikuwa kupata utando unaostahimili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani ilikuwa na miji yenye kiu katika maeneo makavu, na mwaka 1952 serikali yake ilianzisha ofisi maalumu ya kutafuta njia za kuondoa chumvi kwenye maji. Katika Chuo Kikuu cha Florida, Charles Reid na mwenzake Breton walionyesha kwamba utando wa selulosi asetati, jamii ya plastiki inayotokana na mimea, unazuia chumvi. Lakini maji yalipita tone kwa tone, hayakuweza kumfaa mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, huyu wa pili akiwa Mhindi, walipata ufumbuzi. Walitengeneza utando wenye ngozi nyembamba sana upande mmoja, ikishikiliwa na tabaka nene lenye matundu. Ngozi ndiyo inazuia chumvi, tabaka ndilo linaipa nguvu. Maji yakaanza kupita kwa wingi wa maana.

Mwaka 1965 mtambo wa kwanza wa namna hiyo wa kuhudumia wananchi ulifungwa Coalinga, mji mdogo wa California ambao maji yake ya kisima yalikuwa ya chumvichumvi kiasi kwamba zamani uliletewa maji ya kunywa kwa treni. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970, John Cadotte alitengeneza utando wa tabaka jembamba zaidi wa poliamidi, unaofanya kazi kwa msukumo mdogo. Utando huo ndio mzazi wa ule ulioko kwenye mashine nyingi za nyumbani leo, pamoja na ya kijana wetu.

Umeona? Tangu mwanzo mashine hii ilikuwa dawa ya maji yenye chumvi kupita kiasi. Ndiyo maana leo utaikuta kwenye nchi za Ghuba na visiwani, mahali ambapo bahari iko mlangoni na maji ya kunywa hayapo. Hata hapa Tanzania ina kazi. Kule Arusha na kandokando ya Mlima Meru kuna vyanzo vyenye floraidi nyingi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na ikizidi kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floraidi, ila utando wa RO unaiondoa kwa sehemu kubwa. Mtu wa huko akinunua mashine hii simcheki.

Ilivyoingia kwenye matangi ya samaki

Mashine zilipokuwa ndogo na bei ikashuka, wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wakazichukua. Walikuwa na sababu mbili za haki. Ya kwanza, miji mingi yao inatumia maji magumu yaliyopita kwenye miamba ya chokaa. Ukichemsha maji ya London, birika linabaki na utando mweupe. Wakati huo huo walitaka kufuga samaki wa Mto Amazon, kama diskasi, ambao kwao ni maji laini yenye asidi kidogo. Bila kupunguza chokaa, samaki hao hawazai vizuri. Ya pili, waliofuga samaki na matumbawe ya bahari walitaka maji matupu ili waongeze chumvi ya bahari wao wenyewe kwa kipimo.

Katika matumizi yote mawili, maji ya RO ni mwanzo tu, kama unga kabla ya kusonga ugali. Mfugaji mzoefu wa Ulaya hamwagi maji ya RO matupu kwenye tangi akaenda kulala. Anayachanganya na maji ya bomba au anayarudishia madini. Habari ilipofika kwetu, nusu hiyo ya pili ilidondoka njiani. Ikabaki "maji ya RO ni mazuri kwa samaki".

Ziwa letu lina maji ya namna gani?

Hapa ndipo kwetu panapohusika. Samaki wa kijana hawakutoka Amazon. Walitoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo ni karibu kinyume cha Amazon.

Mwezi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kaskazini kutafuta jibu la swali moja: Mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Livingstone alitumaini huenda unatoka kuelekea Nile. Waliukuta unaingia. Tumaini lake lilikufa, lakini jibu hilo lina maana kwetu. Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, ambalo maelfu ya miaka iliyopita lilifungwa upande wa kaskazini na volkano za Virunga, maji yake yakageukia kusini. Tangu hapo mto huo unabeba madini ya nchi ya volkano, hasa magnesiamu, na kuyamwaga Tanganyika.

Na yanatoka wapi? Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye Lukuga, upande wa Kongo, mlango pekee wa ziwa kutoka. Aliukuta umezibwa na majani na matope. Ziwa lilikuwa limepanda, na mwishoni mwa miaka ya 1870 likavunja kizuizi hicho na kuanza kushuka. Ndiyo sababu mojawapo ukumbusho wa Livingstone pale Ujiji leo uko mbali kidogo na ufuko. Lakini hata Lukuga ukiwa wazi, maji mengi ya ziwa huondoka kwa kukaushwa na jua. Jua linachukua maji na kuacha chumvi, kama sufuria ya maharage iliyosahaulika jikoni. Hivyo kwa muda mrefu ziwa limekuwa na madini ya kutosha, magnesiamu ikizidi hata kalsiamu, na pH iliyo karibu na 9.

Maji hayo yaliwachanganya hata wasomi. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mara mbili, 1895 hadi 1896 na 1899 hadi 1900. Aliona konokono wanaofanana na wa baharini, na kiwavi wa maji, yule mdudu laini kama mwavuli, ambaye watu walimzoea baharini. Akaandika kitabu mwaka 1903 akidai ziwa lilikuwa mkono wa bahari ya kale. Alikosea. Msafara wa William Cunnington wa 1904 hadi 1905 haukupata ushahidi wa bahari. Viumbe hao walibadilika humo humo, katika ziwa lenye umri wa mamilioni ya miaka, maji yake yakiwa hayabadiliki haraka. Samaki mmoja mwenye kichwa butu anayekwangua mwani kwenye mawe bado anabeba jina la Moore: Tropheus moorii, lililotolewa na Boulenger mwaka 1898.

Samaki wa jamii hiyo, pamoja na kuhe tunayemla, ni zaidi ya aina 200 ziwani, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Wamezaliwa, wameoana na kuzaana katika maji magumu yenye pH ya juu, ambayo kwa kawaida hayabadiliki asubuhi wala jioni. Miili yao haijajifunza maji mengine.

Biashara iliyotoka Bujumbura hadi Kigoma

Samaki hawa walianza kujulikana sebuleni mwa Wazungu kwa juhudi za watu kama Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeanza kusafirisha samaki hai kutoka Kongo na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia Bujumbura. Kitabu chake cha 1978 kuhusu samaki wa Tanganyika kilisomwa sana na wafugaji. Baadaye Kigoma nayo ikawa na wakusanyaji na wasafirishaji, na mpaka leo samaki wa mapambo ni sehemu ya biashara ya ziwa.

Tazama sasa kinachotokea samaki huyo akifika Ujerumani. Mfugaji wa huko, ambaye maji yake ya bomba pengine ni magumu, anashukuru na kuyatumia. Kama maji yake ni laini, ananunua pakiti ya madini yenye jina la Tanganyika na kuyaongeza. Yaani Mjerumani analipa fedha kupata chumvi za ziwa letu, na kijana wa Munanila anauza mbuzi ili aziondoe. Aliposikia hivyo alicheka, ingawa si kicheko cha furaha.

Kwa nini wanne walikufa

Kwanza, lile jambo la kibofu: maji matupu yaliwachosha kwa kuwaingia mwilini. Pili, na hili ndilo linaloua upesi, maji ya RO hayana kile kinachozuia pH isiyumbe. Uchafu wa samaki na kazi ya bakteria vinatengeneza asidi kila siku. Kwenye maji yenye bikaboneti asidi hiyo humezwa. Kwenye maji matupu pH inaporomoka kwa siku chache. Samaki wa pH 9 akijikuta kwenye pH 6 hana pa kukimbilia.

Klorini nisiiache. Wengi wetu mkoa huu tunakumbuka kipindupindu cha Mei 2015 kule Kagunga, wakati ndugu kutoka Burundi walipofurika ufukweni. Klorini iliokoa maisha, na maji ya kunywa lazima yaendelee kutibiwa au kuchemshwa. Lakini klorini huunguza mashavu ya samaki, na huharibu pia utando wa poliamidi, ndiyo maana mashine ya RO ina kikombe cha mkaa mbele yake. Maji safi na salama kwa mtu na maji salama kwa samaki ni vitu viwili tofauti.

Ufanye nini sasa

1. Pima kabla ya kununua chochote. Kama huna karatasi za kupimia, tumia sabuni ya mche: povu likija upesi, maji ni laini. Chemchemi niliyopima karibu na kwa kijana ilikuwa laini, na maji ya mvua ni laini kila mahali. Mwenye maji laini hana chumvi ya kuondoa.

2. Hesabu maji yanayotupwa. Mashine ya nyumbani ikitoa lita 1 safi, humwaga takribani lita 3 au zaidi. Ukibadilisha lita 15 kwa wiki, umetumia lita 60, yaani madumu matatu. Muulize anayepanda nayo mlima kichwani kama anakubali. Kama unayo mashine tayari, kinga maji hayo uoshee vyombo au umwagilie mchicha.

3. Jua msukumo wako. Mashine hizi zinahitaji msukumo wa bar 3 hivi. Kwenye maji ya mserereko, kila mita 10 za mteremko kutoka kwenye tangi la juu hutoa bar 1, hivyo unahitaji mita 30. Ukiwa na pungufu utamwaga mengi na kupata machache.

4. Kwa samaki wa Tanganyika, ongeza madini. Katika lita 20 za maji laini weka kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia keki, na kijiko kimoja cha mezani cha chumvi ya haluli. Usitumie magadi ya kufulia. Weka pia mawe ya chokaa au makombe ya konokono ndani ya tangi.

5. Nenda polepole. Andaa maji kwenye ndoo, kisha badilisha sehemu ndogo kila siku kwa wiki nzima. pH ikipanda ghafla, amonia iliyokuwa haina madhara makubwa hugeuka sumu kali.

6. Maji yenye klorini yaache wazi kwenye beseni siku moja hadi mbili kabla ya kuyatumia.

7. Nunua kwa mwenye leseni. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inasimamia biashara hii, na maji ya hifadhi hayaguswi. Samaki ukimchoka, usimtupe mtoni wala ziwani. Tropheus wana rangi tofauti kila kipande cha ufuko, na ukiwachanganya umeharibu kilichochukua maelfu ya miaka.

Wale wawili waliobaki tuliwapandishia maji kwa siku nane. Mmoja alikufa siku ya tatu. Mwingine sasa anakwangua mwani kwenye jiwe na kumfukuza yeyote anayesogeza kidole kwenye kioo, ambayo ndiyo tabia yake akiwa mzima. Mashine kijana ameifungua ukutani, anatafuta mnunuzi anayeishi kwenye maji ya chumvi. Nimemshauri amweleze mnunuzi ukweli wote, pamoja na ile nusu ambayo yeye hakuambiwa.

Mfugaji, kabla ya kuuliza maji ni safi kiasi gani, uliza aliyemo ndani alizaliwa wapi. Tukutane kwenye mabwawa.